Vichocheo vya ukuaji vimemaliza bajeti yangu: nitumie nini badala yake kukuza organoidi za utumbo?

Swali: Dokta habari yako. Nasoma masters hapa Nairobi, nataka kukuza organoidi za utumbo wa panya, baadae za binadamu, ili nichunguze vimelea vya kuharisha hasa Cryptosporidium. Nimeomba bei ya Wnt3a, R-spondini na Nogini, pesa yote ya utafiti inaishia hapo na Matrigel bado sijanunua. Mtu mmoja kaniambia niongeze tu seramu, mwingine anasema nitumie maji ya chembe sahani za damu, mwingine anasema kuna kemikali za bei nafuu zinafanya kazi ileile. Nishike lipi?

Jibu:

Nzuri mdogo wangu, na pole, najua hiyo kotesheni inavyokata pumzi. Kwa msomaji mwingine, organoidi ni vijiutumbo vidogo vinavyokuzwa maabara kutokana na seli shina, midia ni maji ya lishe ya seli, na Matrigel ni jeli ya protini ambamo organoidi zinakulia. Nakupa jibu mwanzoni kabisa halafu ndo nieleze: hizo protini tatu usizinunue za vichupa, chukua seli zinazozitoa, zikuze mwenyewe, vuna midia yake, na kiasi cha pesa utakayookoa kitumie kupima kama hiyo midia ina nguvu kweli. Hapo kwenye kupima ndo watu wengi wanaruka na ndo panapowaangusha, nitaparudia kwa kirefu. Seramu peke yake haitakufikisha, maji ya chembe sahani hayatakufikisha, kemikali zitakufikisha sehemu ya njia na sehemu hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza angalia pesa inaenda wapi, manake vichocheo havilingani bei hata kidogo. Fomula ya mwanzo ya utumbo mwembamba wa panya, ile aliyoitoa Toshiro Sato na wenzake kwenye maabara ya Hans Clevers kule Utrecht, Uholanzi, mwaka 2009, ina vichocheo vitatu tu, EGF nanogramu 50 kwa mililita, Nogini nanogramu 100, na R-spondini 1 nanogramu 500. Sasa chukua pleti moja ya visima 24, kila kisima nusu mililita, hiyo ni mililita 12, ukibadilisha midia mara tatu kwa wiki ni mililita 36. Piga hesabu: EGF umetumia maikrogramu 1.8, Nogini 3.6, R-spondini 18, na hiyo ni pleti moja kwa wiki moja tu. EGF haina shida, bakteria wanaitengeneza vizuri, inauzwa rahisi, kichupa cha maikrogramu 100 kwa pleti moja kinakupeleka karibu mwaka mzima, kwa hiyo EGF nunua na usihangaike kutafuta mbadala. Anayekula pesa ni R-spondini, kwa sababu inahitajika mara kumi ya EGF kwa uzito na kuitengeneza ni kazi.

Ukihamia kwa binadamu, au hata utumbo mpana wa panya, anaongezeka Wnt3a na huyu ni balaa la aina yake. Wnt3a ni protini inayobeba kipande cha mafuta mwilini mwake, bila hayo mafuta haifanyi kazi, na kwa sababu ya hayo mafuta haikai vizuri ndani ya maji, inashikana na kupoteza nguvu kama hakuna kitu cha kuibeba. Ndani ya seramu kuna protini inaitwa afamini ambayo ndo inaibeba. Ndo maana utakuta mtu kanunua Wnt3a safi kwa pesa nyingi, kaiweka kwenye midia isiyo na seramu, organoidi zinakufa polepole anadhani tatizo ni mikono yake.

Sasa kabla hujaamua utumie nini badala ya nini, jiulize tishu yako inataka ishara gani, usijiulize kichupa gani kimeandikwa kwenye protokali. Seli shina za utumbo zinataka Wnt iwake, zinataka R-spondini iongeze sauti ya hiyo Wnt (inafanya hivyo kwa kuzuia vipokezi vya Wnt visiondolewe kwenye utando wa seli), zinataka BMP (ishara inayozikomaza) izimwe, hiyo ndo kazi ya Nogini, na zinataka EGF ya kuzifanya zigawanyike. Za binadamu zinataka zaidi kidogo, TGF-beta (ishara ya kusimamisha ukuaji) nayo izimwe. Ukishaiona hivyo unagundua kila ishara inaweza kuwashwa au kuzimwa kwa njia zaidi ya moja na baadhi ya njia ni za bei ya kawaida kabisa.

Na hapa kuna jambo litakalokuokolea pesa kesho asubuhi: kama unaanza na utumbo mwembamba wa panya, Wnt3a huhitaji kabisa. Ndani ya kripti, vile vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo, kuna seli za Paneth na zenyewe zinatoa Wnt3 kuwalisha majirani zao seli shina. Ndo maana fomula ya 2009 haina Wnt. Kwa hiyo kama kwenye oda yako kuna Wnt3a kwa ajili ya utumbo mwembamba wa panya, ifute.

Haya tuje kwenye seli zenyewe. Zinaitwa L-WRN. Zilitengenezwa na Hiroyuki Miyoshi na Thaddeus Stappenbeck pale Washington University, St. Louis, na protokali yao kamili ilitoka 2013. Ni seli za panya aina ya L, zimewekewa jeni tatu kwa pamoja, Wnt3a, R-spondini 3 na Nogini, yaani zile protini tatu zote zinazokutoa jasho zinatoka kwenye flaski moja. Zinapatikana ATCC, benki ya seli ya Marekani, namba yake CRL-3276. Unalipa mara moja, ukizikuza unajigandishia vichupa vya kutosha kwenye nitrojeni ya maji na maabara yenu ina chanzo cha miaka.

Kazi yake inaenda hivi. Unaziyeyusha kwenye DMEM (midia ya kawaida ya seli) yenye seramu ya ndama asilimia 10, zikishashika unaweka G418 na haigromaisini, miligramu 0.5 kwa mililita kila moja, hizo ni za kuua seli zilizopoteza jeni, usiziruke, manake L-WRN zikikaa muda mrefu bila dawa zile zilizoacha kutoa protini ndo zinakua haraka na zinawafunika wenzao. Halafu unazipanua kwenye flaski kubwa, safari hii bila dawa kwa sababu hutaki G418 iishie kwenye organoidi zako, unaziacha zijae mpaka zibanane kabisa, unazisuuza, unaweka Advanced DMEM/F12 yenye seramu asilimia 20, na kila baada ya saa 24 unavuna hiyo midia unaweka mpya. Utavuna siku nyingi mfululizo kutoka flaski zilezile. Unachovuna unakizungusha kwenye sentrifuji kuondoa seli zilizoelea, mavuno ya siku zote unayachanganya pamoja, unachuja kwa filta ya maikroni 0.22, unagawa kwenye mirija midogo na unagandisha. Siku ya kutumia unachanganya nusu kwa nusu na midia ya kawaida, wanaita asilimia 50, unaongeza Y-27632 (kemikali inayozuia seli zisife zikitenganishwa) maikromola 10 na kizuizi cha TGF-beta kama SB431542 maikromola 10. Basi. Nasisitiza hapo pa kuchanganya mavuno yote kabla ya kugandisha, maana nguvu ya siku ya kwanza si sawa na ya siku ya sita, na ukigandisha kila siku kivyake utakuwa unabadilisha dozi kila wiki bila kujua.

Kwa kazi yako hii njia ina faida ya ziada. Mwaka 2019 maabara ya David Sibley, hapohapo Washington University, walitumia seli za utumbo wa panya walizozikuza kwa midia ya L-WRN, wakazilaza kwenye vikapu vyenye kitambaa chenye vitundu, chini yake wakaweka seli walezi, wakaondoa midia ya juu ili seli ziguse hewa, na Cryptosporidium parvum ikakamilisha mzunguko wake wote wa maisha pale ndani. Mwaka mmoja kabla, 2018, kundi la Clevers na wenzao walishaonyesha kimelea hichohicho kinakamilisha mzunguko ndani ya organoidi za utumbo mwembamba na mapafu ya binadamu, ila wao walikuwa wanakidunga kwa sindano nyembamba sana ndani ya kila organoidi, kazi inayotaka mashine na subira. Kwa maabara ya kwetu ile ya vikapu inafaa zaidi. Na swali lako ni la maana kweli, utafiti mkubwa wa kuharisha kwa watoto wa nchi saba uliotoka 2013, ambao Siaya huko magharibi mwa Kenya ilikuwa moja ya vituo vyake, uliikuta Cryptosporidium nyuma ya rotavirus tu kwa watoto wachanga. Kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ya kotesheni.

Ila sasa L-WRN ina bei yake isiyo ya pesa na lazima uijue kabla. Midia ya asilimia 50 inakuachia seramu asilimia 10 kwenye sahani. Hiyo seramu inabadilika kutoka bechi hadi bechi, ina homoni, ina kingamwili za ng'ombe, ina mambo mengi. Kwa Cryptosporidium watu wamefanya na ikakubali. Lakini kama siku moja utataka kuambukiza kwa rotavirus, seramu itakuharibia, kwa sababu kirusi hicho kinaamshwa kwa tripsini na seramu inaizuia tripsini, itabidi usuuze seli vizuri na uambukize kwenye midia isiyo na seramu. La pili, kwa asilimia 50 organoidi zinabaki mviringo kama mapovu, karibu zote ni seli changa zinazogawanyika, hutaona vichipukizi vizuri wala seli nyingi zilizokomaa. Ukitaka zikomae unapunguza midia ya L-WRN au unaiondoa siku chache kabla ya jaribio. Watu wanalalamika eti L-WRN mbaya haikomazi seli, lakini ndo Wnt hiyo inafanya kazi yake, ukitaka kukomaza iondoe.

Ukitaka kukwepa seramu kabisa, na kwa utumbo mwembamba wa panya inawezekana, kuna njia ya pili. R-spondini na Nogini, tofauti na Wnt3a, hazihitaji seramu kuishi. Kuna seli za HEK293T zinazotoa R-spondini 1, zilitoka maabara ya Calvin Kuo pale Stanford, unazichagua kwa zeosini, zikishajaa unaziwekea midia isiyo na seramu, unasubiri kama wiki, unavuna, na midia hiyo unatumia asilimia 10 tu. Asilimia 10! Yaani mililita 500 ya mavuno inakupa lita 5 za midia ya organoidi. Zipo pia seli za HEK293 zinazotoa Nogini, nazo unatumia kiasi hichohicho, ingawa Nogini nitakuonyesha njia rahisi zaidi hapo chini. Kwa panya basi ukiwa na R-spondini ya kuvuna, EGF ya kununua na kizuizi cha BMP, umemaliza, hakuna seramu, hakuna Wnt. Kama ningekuwa wewe panya ningeanza nao hivi, L-WRN ningeiweka kwa ajili ya utumbo mpana, vile vikapu na binadamu.

Tuje kwenye kemikali. Aliyekuambia hakukudanganya, ila hajakuambia yote. Nogini ndo rahisi kuliko zote kuibadilisha. LDN-193189 inazuia vipokezi vya BMP moja kwa moja ndani ya seli, nanomola 100 mpaka 200 inatosha. Miligramu 5 za hiyo kemikali kwa nanomola 200 zinatengeneza lita zaidi ya 50 za midia, masters yako haitazimaliza, na mwenzako atakayekuja nyuma yako hatazimaliza. DMH1 nayo inafanya kazi hiyohiyo. Halafu kuna jambo watu wa Ulaya hawalijali ila sisi tunalijali sana, hizi kemikali za unga nyingi zinasafiri joto la kawaida, hazihitaji barafu kavu. Protini iliyokaa forodhani mpaka barafu ikaisha umelipia maji. Unga hauna hiyo shida, ukifika unauyeyusha kwenye kiyeyushi cha DMSO, unagawa kidogokidogo, unaweka friza. Angalia tu DMSO kwenye midia isizidi asilimia 0.1 ukizijumlisha kemikali zote, watu wanajumlisha tano sita wanasahau.

Kwa upande wa Wnt kuna CHIR99021. Hii inazuia GSK3, kimeng'enya kinachofanya beta-katenini (protini inayobeba ishara ya Wnt ndani ya seli) iharibiwe, kwa hiyo inawasha njia ya Wnt kutokea ndani bila kupita mlangoni. Maikromola 3 ndo dozi ya kawaida, miligramu 5 inakupa lita zaidi ya 3. Mwaka 2014 kundi la Robert Langer na Jeffrey Karp kule Boston walionyesha kwamba CHIR pamoja na asidi ya valproiki, ndiyo, hiihii dawa ya kifafa, zinazifanya seli shina za utumbo wa panya zibaki seli shina karibu zote. Ni kazi nzuri sana. Lakini usiikimbilie kama mbadala wa kila kitu. CHIR inawasha seli zote sawasawa, iliyo shina na isiyo shina, wakati R-spondini inaongea na zile zenye vipokezi vyake tu, kwa hiyo mpangilio wa seli kwenye organoidi unabadilika. Ukizidisha dozi inaua. Na GSK3 ina kazi nyingine nyingi ndani ya seli, pamoja na kushughulikia sukari, kwa hiyo kama swali lako linagusa hayo, matokeo yako yatakuwa na CHIR ndani yake. Mimi CHIR naipenda kwa siku mbili tatu za mwanzo baada ya kuzigawa organoidi au kuziyeyusha kutoka nitrojeni, pamoja na Y-27632, zinaamka vizuri, halafu naiondoa. Kubadilisha R-spondini moja kwa moja kwa CHIR kwa miezi, sikushauri.

Kwa TGF-beta usiwaze, A83-01 au SB431542, zote ni kemikali, na A83-01 ndo imo kwenye fomula ya binadamu tangu 2011. Nikotinamaidi na N-asetilisisteini ni unga wa bei ndogo, nunua wa kawaida wa maabara, pima mwenyewe, chuja. Usinunue uliokwisha kuyeyushwa kwenye kichupa kizuri, huo ni kulipia maji na lebo.

Kuhusu seramu tupu. Seramu ya ndama ina vitu vingi vya kukuza seli ndio, lakini R-spondini ya kutosha haina, Wnt ya kutosha haina, na kibaya zaidi ina BMP na TGF-beta, yaani zilezile ishara mbili unazolipa pesa kuzizima. Organoidi kwenye seramu peke yake zitakomaa na kufa. Maji ya chembe sahani ni hivyohivyo, yana PDGF na TGF-beta nyingi, ni mazuri kwa seli shina za mfupa na za mafuta, huko watu wanayatumia kweli na yanafaa, ila seli za ukuta wa utumbo hazitafuti hayo.

Sasa kupima. Nakuomba hapa usome taratibu. Kichupa cha kununua kina karatasi inayosema nguvu yake, midia yako haina karatasi, karatasi unaiandika wewe. Njia ya kisawasawa ni seli za HEK293 zenye ripota ya Super TOPFlash, nazo ziko ATCC, Wnt ikifanya kazi zinatoa lusiferesi unasoma mwanga. Unapima bechi mpya sambamba na bechi ya zamani unayoiamini, kwa kuipunguza nusu, robo, thumuni, unalinganisha mikunjo, hulinganishi namba moja. Kwa midia ya R-spondini ya peke yake lazima uongeze Wnt kidogo ya kiwango kilekile kila mara, kwa sababu R-spondini kazi yake ni kuongeza sauti, pasipo sauti utaona kidogo sana.

Huna mashine ya kusoma mwanga? Pima kwa organoidi zenyewe. Tumia za utumbo mpana wa panya, si za utumbo mwembamba, manake za utumbo mwembamba zina Paneth wao wanaojitolea Wnt, zitakuficha ubovu wa bechi. Panda idadi sawa ya seli kwenye asilimia 50, 25, 12.5 na 6.25 za midia mpya na ya zamani, hesabu organoidi siku ya tano, halafu, hili ndo muhimu, zigawe uzipande tena kwenye dozi zilezile uhesabu tena. Raundi ya kwanza organoidi zinaishi kwa akiba ya midia ya nyuma, bechi dhaifu inaonekana raundi ya pili au ya tatu. Na jaribio hili lina zawadi ndani yake, mara nyingi utakuta bechi nzuri inafanya kazi kwa asilimia 25 sawasawa na 50, kwa hiyo umeshapata midia mara mbili bila kulipa chochote. Dozi za kwenye protokali nyingi zimewekwa juu ili zisishindwe kwa mtu yeyote. Weka mirija kadhaa ya bechi yako bora kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, iandike rejea, isiguswe na mtu ila siku ya kupima.

Na maikoplazma, wale bakteria wadogo sana wanaojificha kwenye seli, jamani. Seli za L na HEK zikiwa na maikoplazma unavuna maikoplazma unawapa organoidi zote za jengo, na filta ya 0.22 haiwazuii wote. Pima siku seli zinapofika na kila kabla ya kuvuna. Ndo maana pia sishauri uchukue flaski ya rafiki wa rafiki mjini, pita njia ya makubaliano ya kuhamisha vifaa vya kibaiolojia, mwambie msimamizi wako aandike kwa maabara inayozo au anunue ATCC, kibali cha kuingiza kiombwe mapema kwa sababu hicho ndo kinachochelewa. Maabara nyingi za vyuo zinagawa kwa moyo mweupe ukieleza kazi yako kwa aya moja iliyonyooka.

Utasikia pia watu wanazungumzia kutengeneza kwa bakteria. Inawezekana na wapo waliofika mbali. Kundi la Marko Hyvönen kule Cambridge 2019 walitengeneza R-spondini 1 kwa E. koli, na badala ya Nogini wakatumia gremlini 1 ambayo nayo inakamata BMP, organoidi zikakua vizuri. Paul Burridge na wenzake kule Chicago 2020 walitoa midia yao ya B8 kwa seli shina za aina ya iPS (seli za kawaida zilizorudishwa kuwa shina), wakajitengenezea kichocheo cha FGF2 kilichobadilishwa kisife kwa joto, gharama ikashuka kufika kama asilimia 3 ya midia ya dukani, na plasmidi (vipande vya DNA vyenye jeni hizo) wameziweka Addgene, benki ya plasmidi, ambako unalipa makumi ya dola. Kama chuoni kwenu kuna mtu anayesafisha protini kila siku, kaeni mzungumze, hasa kwa FGF2 ambayo si ngumu. Lakini R-spondini ina vifungo vingi vya salfa vinavyotakiwa kukunjwa sawasawa, ikikunjwa vibaya unayo protini nyingi isiyo na kazi, na lazima uondoe endotoksini (mabaki ya ukuta wa bakteria), hasa wewe unayechunguza utumbo na maambukizi, manake endotoksini yenyewe inaamsha majibu ya kinga na utadhani ni kimelea. Kwa mtu wa masters peke yake, miaka miwili, hapana. Kwa kituo kizima kinachotaka kulisha maabara kumi, ndiyo kabisa, na natamani kingekuwepo kimoja ukanda wetu huu.

Ukishamaliza hayo utaona gharama kubwa imehamia kwenye Matrigel. Hapo punguza ukubwa wa matone, tone la maikrolita 10 kwenye pleti ya visima 96 linatosha majaribio mengi, si lazima maikrolita 50 kwenye kisima cha 24. Kwa kuzidisha tu organoidi unaweza kuziacha zielee kwenye midia yenye Matrigel asilimia 5, badala ya kuzifungia kwenye tone. Kolajeni ya mkia wa panya unaweza kuitoa mwenyewe kwa asidi ya asetiki, mikia inatupwa kila wiki kwenye nyumba za wanyama, na inafaa kwa kulaza seli kwenye vikapu. Alijineti watu waliionyesha inafanya kazi kwa organoidi za utumbo zinazotokana na seli za iPS, kwa zile za kripti usitegemee, na kabla hujauliza, mwani wa Zanzibar na wa Kwale unatoa karajini, alijineti inatoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi.

Kitu cha mwisho cha akiba kwa siku utakapogusa sampuli za wagonjwa: organoidi za saratani ya utumbo mpana zenye jeni ya APC iliyoharibika hazihitaji Wnt wala R-spondini, njia yao imewaka yenyewe, na nyingi zenye jeni ya KRAS iliyobadilika zinaishi bila EGF. Kuzinyima ni akiba ya pesa na pia ni njia ya kuhakikisha hujakuza seli za jirani zenye afya ukadhani ni za uvimbe.

Kwa hiyo oda yako ya kwanza iwe L-WRN, seli za R-spondini 1, EGF kichupa kimoja, LDN-193189, CHIR99021, SB431542 na Y-27632 miligramu 5 kila moja, seramu chupa kutoka bechi moja zinazotosha mavuno yote ya mwaka, na Matrigel kidogo. Y-27632 usiibane, ndo inayookoa seli siku ya kugawa. Antibiotiki zile za bei kubwa za kuzuia kila kitu tumia kwa siku za mwanzo tu kripti zinapotoka kwa mnyama, baadae penisilini na streptomaisini zinatosha. Ukishavuna bechi ya kwanza na kuipima niandikie namba zako za siku ya tano na za raundi ya pili, na picha ukiweza, nitakuangalizia kama uanze kwa 50 au ushuke 25.